Folda Iliyokataa Kufutika

Jumatatu, 10 Machi

Mtaalamu wa mazoezi ya kuongea ameniagiza niwe na daftari. Kila neno analosema Gaspar niliandike, na saa aliyolisema, ili akija tena aone kama tunasogea. Nimechukua daftari moja lililobaki shuleni. Juu yake nimeandika jina la mume wangu kama ninavyoandika majina ya wanafunzi.

Leo: Bado. Saa moja asubuhi, saa nne, saa saba mara nyingi, saa kumi na moja jioni.

Jumanne, 11 Machi

Bado.

Alhamisi, 13 Machi

Bado. Ndilo neno pekee ambalo kiharusi kilimwachia tangu Januari. Bi Mwajabu, jirani yetu anayekaa naye nikiwa shuleni, kila akimlisha humuuliza, "Umeshiba, baba?" Naye hujibu, "Bado." Basi anaongezewa uji. Leo kanywa bakuli tatu, akatapika. Nilimweleza Bi Mwajabu kwamba neno lile halina maana, hata ukimuuliza jina lake atasema bado.

"Ala!" akasema. "Na mie na saumu yangu nakaa hapa namshindilia mtu aliyeshiba!"

Nilicheka. Nilipogeuka nikaona Gaspar ananitazama, nikaacha.

Jumamosi, 15 Machi

Kompyuta ya shule imekufa. Mimi ndiye mwalimu wa taaluma, kwa hiyo matokeo ya vidato vyote vinne na mitihani ya muhula yananingoja. Nimeitoa kabatini laptopu ya Gaspar, aliyokuwa akiitumia alipokuwa karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, kule Kurasini. Inatambaa. Kila baada ya dakika chache antivairasi inachomoza pembeni kwa rangi nyekundu kusema muda wake umekwisha tangu Februari, na kwamba nipo hatarini. Naifunga, inarudi. Naifunga, inarudi.

Bado (saa mbili, saa sita, saa kumi).

Jumatatu, 17 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Ua wote umejaa maji.

Nimeiondoa ile antivairasi. Kabla ya kutoka iliniuliza maswali marefu kwa Kiingereza, nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayemsukuma mgeni mlangoni. Kompyuta ikajizima na kujiwasha. Ule wekundu haupo. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze kuna jambo nimelimaliza.

Nilimwambia Gaspar nikiwa namnyoa ndevu. Maneno yangu yalikuwa haya: "Ile antivairasi yako nimeitoa, ilikuwa inanisumbua." Akanikamata kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima, kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo. "Bado," akasema. "Bado! Bado! Bado!" Wembe ukamkata kidevuni. Nikamfuta damu nikiwa nimekasirika.

Jumatano, 19 Machi

Programu imetoka lakini imeacha folda. Jina lake ni herufi na tarakimu zisizosomeka. Haifunguki. Ina gigabaiti hamsini na mbili, karibu nusu ya diski. Nimejaribu kuifuta, kompyuta ikasema sina ruhusa.

Ijumaa, 21 Machi

Sina ruhusa.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeizima, nikaiwasha, nikajaribu kuifuta kabla programu nyingine hazijaamka. Sina ruhusa. Mwalimu wa fizikia kaniambia niingie kama msimamizi wa kompyuta. Nimeingia. Bado sina ruhusa. Naona na mimi nimeanza kusema bado.

Jumamosi, 29 Machi

Jambo hili sijawahi kuliandika popote.

Leo nilikuwa natafuta vitu vya kufuta ili diski ipate nafasi. Nikafungua sehemu ya picha. Nyeupe. Sehemu ya video. Nyeupe. Nilijua kwamba nitakuta pameachwa hivyo, maana mimi ndiye niliyeagiza. Hata hivyo nilikaa nikiutazama ule weupe mpaka chai ikapoa.

Tulikuwa na mtoto. Rosalia. Alikufa tarehe 29 Aprili, miaka mitatu iliyopita, kwa malaria iliyompanda kichwani. Homa ya siku nne. Alikuwa na miaka sita na miezi miwili. Gaspar alikuwa amemrekodi tangu siku ya kwanza, kwa simu, kwa kamera ya kuazima, kwa chochote. Alikuwa anahamishia kila kitu kwenye laptopu hii. Wiki ya pili baada ya mazishi nilimkuta mezani anatazama. Sauti ya mtoto ilikuwa inatoka kwenye kile kikompyuta, inamwita baba yake aje aone kitu fulani. Nilipiga kelele hadi majirani wakaja. Nilimwambia Gaspar, "Futa. Vyote. Nisisikie tena sauti hiyo humu ndani."

Niliwakataza watu wasiniite Mama Rosalia. Mtaani naitwa Mwalimu.

Kesho yake Gaspar aliniambia, "Nimeshafanya ulivyosema." Hivyo tu. Hakubishana wala hakuniuliza mara ya pili. Na mimi, Mungu anisamehe, tangu siku ile nilimwona mtu mwepesi. Nilitaka akatae. Nilitaka aniambie, "Tekla, hapana, utajuta." Baba gani anamfuta mwanawe kati ya magharibi na asubuhi? Tumeishi miaka mitatu kwa heshima, chakula mezani, misa Jumapili, na chini ya yote hayo mimi namhesabia kosa lile. Alipoanguka Januari nilimhudumia. Namhudumia hadi leo. Lakini namhudumia kama ninavyosahihisha madaftari, ukurasa baada ya ukurasa, nikingoja kumaliza.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Bi Mwajabu kaleta pilau. Gaspar: Bado, mdomo umejaa.

Jumamosi, 5 Aprili

Wenye antivairasi wametoa kiprogramu cha kusafisha mabaki yao. Nimekipakua kwa bando la wiki nzima. Kimezunguka kwa saa moja, kikatangaza kazi imekwisha. Folda ipo palepale.

Mvua siku tatu mfululizo. Maji ya Mto Kizinga yamepanda, malori yamejipanga Barabara ya Kilwa hayaendi mbele wala nyuma.

Alhamisi, 10 Aprili

Matokeo ya kidato cha pili yamepotea. Wanafunzi mia moja na arobaini na nane, masomo tisa. Nilipobonyeza kuhifadhi, kompyuta ikasema diski imejaa, kisha ikaganda, nilipoiwasha hapakuwa na kitu. Kazi ya jioni nne.

Nilikwenda chumbani na laptopu mkononi. Nikaiweka magotini kwa Gaspar, nikamwonyesha folda kwa kidole. "Uliweka nini humu? Eh? Uchafu gani wa kazini kwako umeujaza humu ndani hata hautoki?"

Akaiangalia. Akaniangalia. Akaweka kiganja cha kushoto juu ya skrini, akakiacha pale, kisha akajiwekea kifuani, kisha akaninyooshea mimi. "Bado," akasema polepole. Machozi yakaanza kumtoka.

Daktari alishatuambia kwamba kiharusi hulegeza machozi, mgonjwa anaweza kulia bila sababu. Nikamfuta uso, nikachukua laptopu yangu, nikatoka.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Sikwenda kanisani, maji yalikuwa magotini.

Jumatano, 23 Aprili

Sina ruhusa. Mitihani inaanza baada ya wiki tatu hivi.

Ijumaa, 25 Aprili

Imefutika!

Baada ya vipindi nilikwenda kwa Wafa. Duka lake lipo mkabala na soko, lilikuwa la baba yake aliyetengeneza redio, na hadi leo pana redio za mbao zimepangwa juu ya kabati. Ni mwanamke wa rika langu, mtaratibu, havai miwani mpaka anapofungua mashine.

"Karibu, mwalimu. Inaumwa nini?"

Nikamweleza. Akaifungua, akaisoma ile folda, akacheka kidogo puani. "Hizi programu za ulinzi ndivyo zilivyo. Mlinzi unamfukuza kazi, anaondoka na funguo. Mlango kaufunga, na kompyuta inaamini mwenye mali ni yeye, wewe ni mpita njia."

"Sasa?"

"Sasa tunaiambia kompyuta kwamba mwenye mali ni wewe. Hilo tu. Ikishakubali, itakutii."

Akaandika amri kwenye kile kidirisha cheusi. Dakika kumi hivi. Kisha akatoa mkono kwenye kipanya, akanigeukia. "Mwalimu, kabla sijaifuta. Una hakika hamna chako humu? Maana imefungwa, mie siwezi kuona ndani. Na ni kubwa, takataka za programu huwa si kubwa hivi."

"Ni ya kazini kwa mume wangu. Hana kazi tena."

"Tumuulize yeye?"

"Haongei, dada Wafa. Futa."

Akafuta. Mstari wa kijani ukatembea kutoka kushoto kwenda kulia, ukafika mwisho. Gigabaiti hamsini na mbili. Nilipiga makofi peke yangu mle dukani kama mtoto.

Jumamosi, 26 Aprili

Laptopu ni nyepesi kama mpya. Nimeingiza tena matokeo yote ya kidato cha pili na mitihani ya masomo matano. Sijui hata mvua ilikatika saa ngapi.

Jumanne, 29 Aprili

Miaka mitatu.

Hakuna aliyesema neno, maana niliwakataza. Bi Mwajabu alikuja na kitenge cheusi akajifanya amekosea kuvaa. Gaspar hakula asubuhi, hakula mchana. Jioni nilipokuwa namgeuza akafungua mdomo, akahangaika, shingo ikamsimama mishipa, akasema, "Ro."

Ningepaswa kushangilia. Neno jipya! Mtaalamu atafurahi. Nilimwacha nusu kageuka, nikatoka nje, nikasimama kwenye maji.

Ro. Saa kumi na mbili na robo jioni.

Jumamosi, 3 Mei

Itanibidi niandike polepole.

Leo kaja Stanley, aliyekuwa akikaa meza moja na Gaspar kule Kurasini. Alikuwa amehamishiwa Tanga, kazi ikamweka huko, ndiyo kwanza amepata nafasi. Kaja na machungwa kwenye mfuko wa nyavu. Alipofika mlangoni akasema kwa sauti kubwa, "Hodi! Mama Rosalia, shemeji yangu, poleni sana."

Hakuna aliyemwonya. Nilishika fremu ya mlango.

Alikaa na Gaspar muda mrefu, akamsimulia habari za ofisini, nani kahama, nani kaoa. Gaspar alikuwa anamtazama kwa njaa, siwezi kusema vingine. Alikuwa anamnyooshea kidole kuelekea sebuleni, ilipo laptopu. "Bado. Bado." Stanley akamshika mkono, akasema, "Nimekuelewa, kaka. Nitamuuliza."

Akanifuata sebuleni. "Shemeji, samahani kwa kukuuliza. Zile video mmeshaziangalia?"

"Video gani?"

Akatazama laptopu, akanitazama mimi. "Kwa hiyo hakuwahi kukuambia."

"Stanley. Video gani?"

"Za mtoto." Akashusha sauti. "Mwaka ule wa msiba alikuja ofisini na laptopu kwapani. Hata hakuketi. Akaniambia, mke wangu kaniambia nifute, nimekaa usiku mzima, nimeshindwa. Nikifuta leo, kuna siku ataniuliza ziko wapi, nitamjibu nini? Nikiziacha wazi, atazikuta kabla hajawa tayari, zitammaliza. Nikamwambia, kaka, antivairasi yako ina kisanduku ndani yake, unatia vitu, kinafungwa, hata ukiwa nayo mkononi huvioni mpaka uweke neno la siri. Mie ndiye niliyemwonyesha. Tuliziingiza pamoja. Alikuwa analipia ile antivairasi kila Februari, kwa ajili ya kisanduku kile tu, hana virusi wala nini."

Februari hii alikuwa wodini.

"Mimi nilikuwa namsumbua," Stanley akaendelea. "Kila tukienda kula namuuliza, mwenzio umeshamwambia? Ananijibu, bado. Bado, Stanley. Akilitaja mwenyewe jina la mtoto ndipo nitamwonyesha."

Nilimuuliza kisanduku kinakaa wapi kwenye kompyuta. Nilikuwa nimeshajua. Nilimuuliza tu ili niongeze dakika moja ya kutokujua.

"Ni folda," akasema. "Ina jina la herufi herufi. Haifunguki."

Sikumbuki alivyoondoka. Nakumbuka machungwa yalimwagika, na Bi Mwajabu alikuwa ananishika mabega ananiuliza ni nini. Nilimwambia. Mwanamke yule huwa hakosi neno, lakini leo alikaa chini sakafuni. Baadaye akasema, "Mie mara ngapi nimetaka kukaa nawe tumzungumze yule mtoto. Ningekutajia mwenyewe hata vitu ulivyosahau. Lakini ulitufunga midomo, Tekla. Wote. Hata babake."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana imeniuma.

Jumapili, 4 Mei

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Tarehe 17 Machi. Tarehe 10 Aprili. Kiganja juu ya skrini, kifuani, kisha kwangu.

Jumatatu, 5 Mei

Nilikuwa mlangoni kwa Wafa kabla hajafungua. Nilipomweleza akaweka mikono kichwani.

"Ningekuuliza mara ya pili, mwalimu."

"Uliniuliza mara ya pili."

Akanieleza bila kunipamba. Diski za zamani ukifuta kitu, kinabaki chini kama maandishi chini ya rangi ya ukuta, fundi anaweza kukwangua. Hii ya Gaspar ni ya aina mpya. Hizi zinajifagia zenyewe, ukifuta tu zinaanza kufagia. Na juu yake mimi nimejaza matokeo na mitihani. Hata akipata vipande, vimefungwa kwa neno la siri, na funguo zilikuwa ndani ya programu niliyoiondoa Machi. Neno lenyewe linajulikana kwa mtu mmoja, naye hawezi kulitamka wala kuliandika.

"Basi haiwezekani," nikasema.

"Sijasema hivyo. Niachie mpaka Ijumaa. Usiiwashe tena."

Nikamuuliza, siku ile naiondoa antivairasi, maswali yale ya Kiingereza yalikuwa yanasema nini. Alitafuta kwenye mtandao, akasita kunionyesha. Nikasoma mwenyewe. Lilikuwa swali la tatu: Kisanduku chako kina vitu. Je, unataka kuvitoa kabla ya kuendelea?

Mimi ni mwalimu. Kila mwaka nawaambia watoto wasome swali mpaka mwisho.

Jumanne, 6 Mei

Bado (saa moja, saa tano). Ro (saa tisa).

Sijamwambia.

Ijumaa, 9 Mei

Wafa alikuja mwenyewe nyumbani na laptopu imefungwa kwenye kanga. Nilipoona kaja kwa miguu, kwenye tope, nikajua. Mtu hapeleki habari njema kwa uso ule.

Alikuta vipande elfu na kitu, hakuna kinachofunguka. Kimoja tu alikifungua kidogo, hakikuwa kimefungwa kwa neno la siri, si video, ni orodha ya majina ya mafaili aliyoandika Gaspar mwenyewe. Alikuwa ameyanakili kwenye karatasi kwa kalamu. Majina kumi na manne, mengine yalikuwa yamekatika. Rosa anaogopa bata. Rosa na mama wanalala. Rosa jino la kwanza kutoka. Rosa anaimba Kanisani kasahau. Rosa na mama wanagombania kiti.

Na mama. Na mama. Nilikuwemo humo. Hata sikujua kwamba alikuwa ananirekodi mimi.

Wafa alikataa chai. Mlangoni akaniambia, "Marehemu baba alikuwa anarekodi kaseti zetu tukisoma. Tulizitupa tulipohama." Akafungua mwavuli.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua.

Jumatatu, 12 Mei

Mitihani imeanza. Nasimamia.

Jumatano, 14 Mei

Gaspar ananyoosha kidole sebuleni kila nikiingia. Tangu Stanley aje amekuwa na matumaini. Anajua nimeambiwa. Anangoja niilete laptopu tukae tutazame. Leo alijisogeza mwenyewe kitandani akaniachia nafasi upande wa ukutani.

Nilisema nina madaftari.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwambia.

Nilitoka misa ya kwanza, nikamwosha, nikamvalisha shati safi, nikakaa kwenye ile nafasi aliyoniachia. Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yakanipotea, nikasema jina. "Rosalia," nikasema. Uso wake, upande ule mzima, ukafunguka. Alidhani ndio tunaanza. Akanipapasa mkono harakaharaka, Ro, Ro, akaelekeza mlangoni.

"Hapana, Gaspar. Sikiliza. Ile folda nimeifuta. Tarehe ishirini na tano ya mwezi uliopita. Sikujua kwamba yumo. Ulijaribu kuniambia nikadhani ni ugonjwa. Nimekwenda kwa fundi, hazirudi. Hazirudi, mume wangu."

Aliendelea kuelekeza mlangoni kidogo, kama mtu ambaye sauti inachelewa kumfikia. Kisha mkono ukashuka. Nilimwomba anipige. Nilimwambia ana haki. Nilimwambia yote niliyokuwa namhesabia kwa miaka mitatu, kwamba nilimwita mwepesi moyoni, kwamba nilimdharau kwa kunitii, kumbe ndiye peke yake ambaye hakunitii. Nililia kwa sauti ambayo hata msibani sikuitoa.

Hakulia. Aligeuza uso ukutani. Mtu wa kiharusi kugeuka peke yake ni kazi, ilimchukua muda, na sikuthubutu kumsaidia.

Jumatatu, 19 Mei

Hataki kula kutoka mkononi mwangu. Anakula akilishwa na Bi Mwajabu.

Jumanne, 20 Mei

Vilevile. Hakuna neno lolote leo, hata bado.

Alhamisi, 22 Mei

Hakuna neno.

Bi Mwajabu anasema nimwache, mtu aliyefiwa mara ya pili naye anahitaji arobaini yake. Nikamwambia na mimi nimefiwa. "Najua," akasema. "Ila wewe una mdomo."

Jumapili, 25 Mei

Nimebandika karatasi ya Wafa ukutani, upande aliougeukia Gaspar. Sikusema kitu. Nilipopita baadaye alikuwa anaisoma, kidole kinafuata mstari.

Jumatano, 28 Mei

Kapokea kijiko kutoka kwangu. Vijiko vinne. Mvua inaanza kupungua, leo jua limetoka hadi saa nane.

Ijumaa, 30 Mei

Nimeanza kumsomea majina yale moja baada ya jingine na kumsimulia ninachokumbuka. Kama nimekosea anatikisa kichwa. Leo nilisema yule bata alikuwa wa Bi Mwajabu. Akatikisa. Wa paroko? Akatikisa. Tulizunguka karibu saa nzima na sikumpata mwenye bata. Gaspar anajua, na hawezi kusema, na video iliyojua imekufa. Alichoka, akafumba macho. Nilikaa nikifikiri ni vitu vingapi viko humo ndani ya kichwa chake, havifunguki.

Ijumaa, 6 Juni

Shule imefungwa. Nimekabidhi matokeo. Mkuu wa shule amesifu, kasema hayajawahi kuwa nadhifu hivi.

Jumamosi, 7 Juni

Asubuhi kavu, ya kwanza ya kweli. Nilimtoa Gaspar nje, nikamweka kwenye kiti cha plastiki mahali jua lilipofika. Bi Mwajabu alikuwa kwake anapika, ni Idi tena. Nikamletea Gaspar dawa. Akafunga mdomo. Ni chungu, kila siku anazikataa, na leo sikuwa na subira. "Gaspar, mimi sina nguvu ya kubembeleza. Fungua mdomo. Fungua, nimesema."

Akanitazama, akajaza shavu.

Nilishtuka. Niliweka kikombe chini nikidhani kiharusi kinamrudia, maana shavu la kushoto lilivimba na la kulia likabaki limelegea, na pembe ya mdomo ikatetemeka, upepo ukawa unavuja pale, pfff. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwite Bi Mwajabu. Kisha nikayaona macho yake. Yalikuwa yanangoja.

Akajaza tena. Pfff.

Rosalia. Akikemewa alikuwa hajibu wala halii. Alikuwa anajaza mashavu yote mawili mpaka anakuwa mwekundu, anasimama mbele ya baba yake, macho yamemtoka, anangoja mpaka baba ayapasue kwa vidole viwili. Kila siku! Mara nyingine mimi nikiwa bado nimeshika fimbo ya kumtishia. Ningewezaje kusahau? Miaka mitatu sijalikumbuka hata mara moja, halipo kwenye karatasi ya Wafa, na sijui kama aliwahi kulirekodi.

"Hivi ndivyo alivyokuwa anafanya," nikasema. Gaspar akatikisa kichwa kwa nguvu, chini, juu, chini. Akajaribu tena, ikavuja tena, nikaona amekasirika na mdomo wake.

Nikapiga magoti. Nikambana ile pembe ya kulia kwa kidole gumba na cha shahada ili upepo usitoke. Akavuta pumzi, akajaza. Shavu lilisimama, la mviringo, na ndevu zilizohitaji kunyolewa. Nikalipasua kwa mkono wa pili. Mate yalinirukia usoni. Akatoa sauti ambayo haijasikika ndani ya ua huu tangu Januari, na kwa sekunde chache sikujua kama ni kicheko au kilio, wala sidhani yeye alijua.

Kisha akanishika mkono, akaurudisha mwenyewe pale pembeni ya mdomo, nimshikie tena.